Fukushima: Miaka ya maji yasiyo na pa kwenda

Jumamosi ya Aprili 2, 2011, mafundi katika mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, pwani ya mashariki ya Japani, waligundua ufa wa takriban sentimita 20 kwenye shimo la nyaya karibu na kinu namba 2. Maji yalikuwa yakichuruzika humo moja kwa moja hadi baharini, tena yenye mionzi mikali ya kuhatarisha uhai wa yeyote ambaye angekaa kando yake kwa saa chache.

Walimimina zege, haikushika. Wakashindilia vumbi la mbao, vipande vya magazeti na polima ya kunyonya maji, yakaendelea kutoka. Wakamwaga unga mweupe wa kuogea ili rangi yake iwaonyeshe yanakopitia. Mwishowe walidunga kemikali ya kugandisha udongo, na Aprili 6 yakakatika. Kwa makadirio ya kampuni ya TEPCO, mmiliki wa mtambo, tani 520 zilikuwa zimeshaingia baharini.

Chanzo kilikuwa tetemeko la Machi 11, lenye ukubwa wa 9.0, lililofuatwa na tsunami. Mtambo ulikuwa umepangiwa kuhimili wimbi la mita 5.7, lililokuja lilipita mita 13. Jenereta za dharura zilizama, pampu za kupoza zikasimama, na fueli ya vinu vitatu ikayeyuka. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuimwagia maji bila kukoma, yakiwemo ya bahari. Lakini kila tone lililogusa fueli hiyo lilibeba mionzi, na vyumba vya chini vikafurika. Tangu hapo, historia ya Fukushima imekuwa historia ya maji yasiyo na pa kwenda.

Ufa ukiwa bado haujazibwa, Aprili 4 TEPCO ilianza kumwaga baharini kwa makusudi zaidi ya tani 10,000 za maji yenye mionzi hafifu, ili kupata nafasi ya kuhifadhi yale makali. Wavuvi walikasirika. Korea Kusini, nchi jirani, ililalamika kwamba haikuarifiwa mapema.

Baharini, kila dutu yenye mionzi ilikuwa na tabia yake. Iodini-131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, hivyo iliisha upesi. Sesiamu-137 huchukua miaka 30 kupungua hivyo. Mikondo ya Pasifiki ilisambaza sehemu kubwa, lakini nyingine ilituama kwenye matope ya chini, wanakotafuta chakula samaki wa sakafu ya bahari. Jodari walioogelea kutoka Japani hadi California walikutwa na sesiamu ya Fukushima mwaka huohuo, ingawa kwa kiwango kidogo kisichoweza kumdhuru mlaji.

Uvuvi wa pwani ya Fukushima ulisimama. Mwaka 2012 serikali ilishusha kiwango cha sesiamu kinachoruhusiwa kwenye samaki kutoka bekereli (kipimo cha mionzi) 500 hadi 100 kwa kilo, na Juni wavuvi wakaanza kuvua kwa majaribio, hasa pweza. Mapema mwaka 2013, ndani ya bandari ya mtambo, alinaswa samaki aina ya ainame mwenye bekereli 740,000 kwa kilo.

Julai 22, 2013, siku moja baada ya uchaguzi wa Baraza la Juu la Bunge, TEPCO ilikiri kwamba maji ya ardhini yenye mionzi yalikuwa yakivuja baharini, jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilishuku. Mwezi uliofuata serikali ilikadiria tani 300 kwa siku. Ukajengwa ukuta wa udongo uliogandishwa kwa barafu, wenye urefu wa kilomita 1.5 kuzunguka vinu.

Maji yaliyopigwa pampu yalisafishwa, yakajaza zaidi ya matangi 1,000. Kilichoshindikana kuchujwa ni tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, kwa kuwa ni sehemu ya maji yenyewe. Mwaka 2015 serikali na TEPCO ziliwaahidi wavuvi kwamba hayatamwagwa bila kwanza kuelewana na wahusika. Agosti 24, 2023, huku ushirika wa wavuvi ukiendelea kupinga, umwagaji ulianza. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilikuwa limesema mpango huo unakidhi viwango vya usalama vya kimataifa, na tritiamu hupunguzwa makali hadi chini ya bekereli 1,500 kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Hata hivyo, China ilipiga marufuku mazao ya bahari ya Japani siku ileile.

Kwa vipimo, kinachomwagwa leo hakilingani kabisa na kilichotoka kwenye ufa ule. Ila wavuvi walishaambiwa ukweli kwa kuchelewa, tena zaidi ya mara moja, na imani iliyopotea hivyo hairudishwi na kipimo. Kenya, ambako wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipinga mpango wa mtambo wa nyuklia pwani yao, ina la kujifunza. Kabla ya kuweka jiwe la msingi, wananchi waambiwe siku ya ajali maji yatapelekwa wapi, nani atayapima, na matokeo yatatangazwa baada ya saa ngapi.