Paluku, Kambale, Muhindo: Hoja Kuhusu Kuzipa Majina Injini za Ndege

Eringeti, kaskazini mwa mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, mtu wa kabila la Wanande akikutajia jina lake amekwisha kukupa nusu ya habari za nyumbani kwao. Paluku ni mtoto wa kiume wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Masika ni binti wa kwanza. Muhindo naye ni yule aliyekatiza mfululizo wa ndugu wa jinsia moja. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huu unawafaa wahandisi wanaotafuta majina ya injini mpya za ndege: jina lionyeshe nafasi ya injini katika ukoo wake, na litangaze aina inapobadilika.

Kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza iliziita injini zake za pistoni kwa majina ya ndege wawindaji: Eagle, Falcon, Kestrel, Merlin. Mswahili haoni ajabu, kwani kwake kiumbe na chombo vyote ni ndege. Zilipokuja injini za jeti katika miaka ya 1940, kampuni ikahamia kwenye mito: Welland, Derwent, Nene, Avon. Mto ulidokeza mtiririko usiokatika, tofauti na mapigo ya pistoni. Huyo ndiye Muhindo: aliyesikia jina la mto alijua kwamba uzao umegeuka.

Jeshi la Marekani lilichagua herufi na namba. J ilikuwa ya jeti, na namba ikamtaja mwenye mradi: witiri kwa jeshi la anga, kama J47, shufwa kwa jeshi la majini, kama J34. Wasovieti walitanguliza jina la baba. AI-24, injini ya ndege Antonov An-26, imebeba herufi za mbunifu wake, Aleksandr Ivchenko.

Kila mfumo unafaa mpaka mpangilio wake uvunjwe. Katika ukoo wa Trent, wa Rolls-Royce hiyohiyo, Trent 700 ilianza kazi mwaka 1995 na Trent 800 mwaka 1996. Kisha mwaka 2002 ikaja Trent 500. Mdogo akapewa namba iliyo chini ya kaka zake, na anayekadiria umri kwa namba akapotea.

Yuko atakayepinga akisema kwamba majina ya Kinande hujirudia, na darasa moja la Beni laweza kuwa na akina Kambale kadhaa. Ni kweli, na ndiyo maana kila Kambale ana jina la pili. Injini nazo zinalihitaji. Chukua L-410, ndege iliyozoeleka katika viwanja vidogo vya mashariki mwa Kongo. Injini yake ni M601, lakini M601D huzungusha rafadha ya mapanga 3, na M601E ya mapanga 5. Fundi anayeagiza vipuri akataja "M601" tu ni kama mwalimu anayeita "Kambale" na kuona mikono minne imeinuka.

Basi mfumo unaofaa una sehemu tatu: jina la ukoo, namba inayofuata mpangilio wa kuzaliwa, na herufi ya toleo. Aina ikigeuka, jina la ukoo nalo ligeuke. Idara ya mauzo ikitaka namba ya kuvutia, ijibiwe kama ambavyo mzee wa Eringeti angejibu: mtoto wa tatu haitwi Paluku.