Dini ndogo, dini kubwa

Kamusi haina shaka: dini ni pana, dhehebu ni tawi lake. Bungoma, magharibi mwa Kenya, mizani hiyo iligeuka. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyelelewa katika kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, alianzisha Dini ya Msambwa, akiazima kutoka Kibukusu neno la mizimu na mila ya wahenga. Wakoloni hawakulitafsiri neno dini. Waliliingiza hivyo hivyo katika taarifa zao za Kiingereza, na humo likawa na maana ya kikundi cha kutiliwa shaka. Ajabu, sivyo? Neno la ibada likapewa harufu ya uhalifu.

Mwaka 1948 Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, Masinde akahamishiwa Lamu. Wafuasi hawakuisha. Katika mashamba ya walowezi karibu na Kitale, vibarua waliendelea kuabudu kwa siri. Mtoto wa kibarua kama huyo alikua na majibu mawili: la nyumbani na la shuleni. Nyumbani walisema “dini yetu”. Shuleni, akiulizwa dini yake, alipaswa kutaja nyingine.