Weeksville: Chama Kilichochangisha Fedha na Kumbukumbu

Nyumba chache za mbao zilizobaki Hunterfly Road, Brooklyn, jijini New York, ndizo zinazoitambulisha Weeksville leo. Lakini chama kilichozilinda, kilichoanzishwa mwaka 1968 na kuitwa Society for the Preservation of Weeksville and Bedford-Stuyvesant History, kinastahili kukumbukwa kwa zaidi ya kuokoa mbao na misumari. Kilichangisha fedha na kumbukumbu kutoka kwa watu walewale, na hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Wapo wanaoziona harambee na matamasha kuwa shughuli za pembeni, ambazo taasisi ya historia huzivumilia ili ipate hela ya utafiti. Mwenendo wa Weeksville unaonyesha kwamba bila mikusanyiko hiyo utafiti wenyewe ungekosa cha kutafiti.

Mtaa wa Weeksville tangu mwanzo ulikuwa kazi ya watu wasiotegemea hisani ya serikali. Utumwa ulikomeshwa katika jimbo la New York mwaka 1827, lakini mwanamume mweusi hakuweza kupiga kura mpaka awe na mali isiyopungua dola 250. Mdororo wa uchumi wa 1837 ulipoangusha bei ya ardhi, Waamerika weusi waliojaliwa uwezo walinunua viwanja. Mwaka 1838 James Weeks, mfanyakazi wa bandarini, alinunua chake kwa Henry Thompson, mweusi mwenzake, na mtaa ukachukua jina la Weeks. Zikafuata makanisa, shule na gazeti la Freedman's Torchlight. Mwaka 1863, ghasia za kupinga kuandikishwa jeshini zilipogeuka kuwa mauaji ya weusi kule Manhattan, baadhi yao walikimbilia hapa. Baadaye Brooklyn ilipanuka, barabara mpya zikakatiza viwanja vya zamani, na hatimaye hata jina la Weeksville likakaribia kusahaulika.

Lilifufuliwa mwaka 1968, wakati mwanahistoria James Hurley na rubani Joseph Haynes waliporuka na ndege juu ya Brooklyn, wakaona nyumba zilizokaa mshazari, zikifuata njia ya kale isiyolingana na mitaa ya sasa. Eneo jirani lilikuwa linabomolewa, hivyo wakazi, wanafunzi na maskauti walishika majembe kabla ya kila kitu kufukiwa. Miongoni mwa vilivyopatikana ni picha ya mwanamke iliyopigwa kwenye bati, mavazi yake nadhifu, jina lake halijulikani, na katiba ya chama cha kina mama cha kusaidiana, Daughters of Esther. Watoto wa shule ya msingi P.S. 243 walifika mbele ya tume ya jiji ya majengo ya kihistoria kuzitetea nyumba hizo, na mwaka 1970 zikawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Watoto haohao walichanga senti zao, na mwaka 1973 chama kikazinunua. Msanii Joan Maynard alikiongoza hadi 1999, akiwaomba majirani fedha, picha za ukoo na masimulizi kwa pamoja.

Mtu anaweza kusema kwamba senti za watoto hazinunui nyumba, na ni kweli: bila ruzuku na fedha za mashirika makubwa paa zingeporomoka. Lakini ruzuku hutolewa kwa kitu ambacho tayari kina wenyewe. Mwaka 2019, taasisi hii, ambayo sasa ni Weeksville Heritage Center, ilipotangaza kwamba huenda ikafungwa, maelfu ya watu waliitikia kwa michango midogo midogo iliyopita dola 200,000. Mwaka huohuo jiji lilitangaza kuiingiza katika orodha ya taasisi za utamaduni linazozigharimia. Michango isingeweza kulipa mishahara na umeme kila mwaka. Ilichofanya ni kuwaonyesha wenye mamlaka gharama ya kukaa kimya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumbukumbu za mtaani huremba, husahau na huchanganya miaka, kwa hiyo si ushahidi. Hilo nalo lina ukweli, na ndiyo maana chama hakikuziacha zisimame peke yake. Kiliziweka kando ya sensa, hati za viwanja na vitu vilivyochimbwa. Ila nyaraka nazo zina upofu wake. Sensa hutupa majina bila sura, na ile picha ya bati hutupa sura bila jina. Anayeweza kuziba pengo kama hilo huwa ni bibi wa mtaa mwenye albamu ya ukoo, na bibi huyo haendi kwenye nyaraka za jiji. Huja kwenye tamasha la kiangazi uwanjani, wajukuu wakiwa naye, na ndipo huulizwa.

Kwa hiyo hatari ya sasa ni kuridhika na bajeti ya jiji, kapu la michango likawekwa kando. Fedha za michango zitafidiwa kwingine, lakini mkazi ambaye haombwi tena chochote hana sababu ya kuja, na asipokuja hataleta alichonacho kichwani. Chama kiendelee kuomba, hata kiasi kidogo, kwa kuwa ndivyo kilivyopata historia yake.