Nani Aliyemlisha Sangara?

Katika Bahari ya Karibi upo mjadala uliodumu kwa miongo kadhaa: je, mzamiaji anayeshuka kwenye miamba ya matumbawe na mtungi wake wa hewa ana haki ya kuwapa samaki chakula ili wamsogelee? Katika kisiwa cha Grand Cayman, samaki aina ya taa walizoea kwanza mabaki yaliyotupwa na wavuvi; kuanzia miaka ya 1980 wakawa wanalishwa kwa mikono ya wazamiaji na watalii. Watafiti waliowafuatilia walikuta kwamba viumbe hao, ambao kwa asili hutafuta riziki usiku, wamegeuka kuwa wa mchana na hukusanyika kwa msongamano usio wa kawaida. Jimbo la Florida nchini Marekani lilipiga marufuku ulishaji wa namna hiyo katika maji yake kuanzia mwaka 2002.

Mwanafunzi wa Bariadi aweza kuuliza: sisi tulio mbali na bahari, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mkoa wetu wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, unagusa Ziwa Victoria kupitia Wilaya ya Busega, na katika ziwa hilo swali la nani alishwe na kwa gharama ya nani liliamuliwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Nyavu za kisasa zilipoingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alianza kupungua. Waliobaki kwa wingi ni furu, samaki wadogo wenye miiba, wa aina zaidi ya 500, ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Maofisa wa uvuvi wa kikoloni waliwaona furu kuwa karibu na takataka. Hoja yao ilikuwa nyepesi: aletwe samaki mkubwa awale wadogo, naye binadamu amle mkubwa. Yaani furu wageuzwe chakula cha mifugo, na sangara awe ng'ombe wa ziwa.

Hoja hiyo ilipingwa mapema. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer alichapisha makala akionya kwamba kumwingiza mla-samaki mkubwa hivyo katika ziwa lililojaa viumbe wa pekee ni hatari isiyoweza kurudishwa nyuma. Wakati huo sangara walikuwa wamekwisha kuingizwa upande wa Uganda, katika miaka ya 1950, bila mjadala wa wazi. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine. Nchi zetu zilikuwa katika shangwe ya Uhuru, na sijaona popote kwamba mvuvi wa Ghuba ya Speke aliulizwa neno.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, mwenyeji aliliwa. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wametapakaa ziwa zima, na inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Haki inanitaka niseme upande wa pili pia: sangara alileta fedha za kigeni, viwanda na ajira, na familia nyingi zilisomesha watoto kwa samaki huyo. Lakini minofu ilisafirishwa Ulaya, mapanki yakabaki kwetu. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara, kwa mafuta yake, alihitaji kukaangwa au kubanikwa, na kuni zikakatwa zaidi. Aliyefanya uamuzi hakuwa mlipaji wa gharama.

Hata hivyo, kumlaumu mkoloni peke yake ni kujidanganya. Upo ulishaji mwingine unaoendelea leo, na mikono inayolisha ni yetu. Mto Simiyu na tawi lake la Duma hutoka upande wa Serengeti, hupita katika nchi ya pamba na mifugo, kisha humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Kila masika mto hubeba udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, pamoja na samadi na mbolea. Hicho nacho ni chakula. Mwani hushiba na kustawi, hufa na kuoza, na kuoza huko hula hewa iliyomo majini hata samaki wa kina kirefu wakakosa pumzi. Magugu maji nayo hunenepa kwa virutubisho hivyohivyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionesha jambo la kusikitisha zaidi: furu huchaguana kwa rangi, na maji yakitibuka jike hashindwi tu kumwona dume, bali hushindwa kumtofautisha na dume wa aina nyingine. Aina mbili huchanganyika zikawa moja. Hivyo furu aliyenusurika kinywa cha sangara anaweza kupotezwa na tope la mashamba yetu.

Msitake kudhani kwamba hasara ni ya samaki peke yao. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi, kwa ushirikiano na Ujerumani, wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika mkoa wetu, kwa kuanzia Busega, Bariadi na Itilima. Kinachotoka shambani kwetu kwa mto kitarudi nyumbani kwetu kwa bomba, na gharama ya kukisafisha itakuwa juu yetu.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Kanuni ya kutolima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto imo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Isimamiwe, lakini kwanza mkulima wa ukingoni aitwe kwenye mkutano wa kijiji, aelezwe, naye asikilizwe atakula nini akiliacha shamba hilo. Mwaka 1962 mvuvi hakuulizwa. Mkulima wa leo aulizwe.