Usafirishaji haramu wa vijana kingono: dalili na namna ya kuripoti

Usafirishaji haramu wa vijana kingono ni kumtafuta, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea mtu aliye chini ya miaka 18 ili atumiwe kwa ngono kwa faida ya mwingine. Makala hii inahusu pwani ya Kenya na dalili ambazo vijana wenyewe wanaweza kuzitambua mapema.

Maana kisheria
Neno "usafirishaji" huwapotosha wengi, kwani humfanya mtu awaze basi, mpaka na pasipoti. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 haidai safari: kumnasa mtoto au kumpa chumba kwa kusudi hilo kunatosha. Binti anaweza kulala kwao kila usiku na bado akawa amesafirishwa. Kwa mtoto, si lazima pawepo nguvu wala hila, na ridhaa yake haihesabiki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Hali ya pwani
Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya wa mwaka 2006 ulikadiria kuwa wasichana 10,000 hadi 15,000 walikuwa wakitumiwa kingono Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani. Watalii hawakuwa peke yao: asilimia 38 ya wanaume waliohusika walikuwa Wakenya. Leo biashara hii hujificha pia katika nyumba za likizo za kukodi na ndani ya simu.

Mtego unavyotegwa
Mwindaji hutafuta pengo: karo, njaa, ugomvi wa nyumbani. Mara nyingi anafahamika: jirani, ndugu wa ukoo, wa bodaboda, au mwanamume mtu mzima anayeitwa "sponsa". Huanza na chipsi, nauli na vocha, kisha simu yenyewe. Siku hiyo hadai kitu. Baadaye zawadi hugeuka deni, na deni hulipwa kwa kupelekwa kwa "rafiki". Wavulana pia huwindwa, na aibu huwazidishia ukimya.

Dalili
- Simu ghali, laini ya pili, au pesa za M-Pesa asizoweza kueleza zimetoka wapi.
- Nguo za kutokea zilizofichwa chini ya sare ya shule mkobani. Utoro wa siku zilezile kila wiki.
- Bodaboda ileile inayomchukua jioni na kumrudisha usiku wa manane.
- Ahadi ya kazi ya saluni au hotelini mjini, yenye sharti la kutomwambia mzazi.
- Mtu anayemshikia kitambulisho au simu, au anayemjibia maswali.
- Vitisho vya kusambaza picha zake za utupu.

Dalili moja si ushahidi. Zikikusanyika, ni wakati wa kusema.

Kuripoti
Rafiki anayegundua asimkabili mwindaji wala asiahidi kutunza siri. Maneno machache yanatosha: "Nakuamini. Kosa si lako. Twende wote." Kisha amwendee mtu mzima anayemwamini, au apige 116, simu ya watoto isiyolipiwa, inayotumika pia Tanzania na Uganda. Wengine wa kuendewa ni afisa wa watoto, chifu, na dawati la jinsia la kituo cha polisi. Ujumbe wa simu usifutwe, na picha zisisambazwe hata kwa nia njema. Aliyeingiliwa kingono afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia VVU.

Kikwazo kikubwa ni familia kuyamaliza mambo nyumbani kwa maslaha, mwindaji akalipa kidogo na kuendelea na mtoto mwingine. Kikwazo cha pili ni hofu ya kijana kwamba yeye ndiye atakayeshtakiwa. Sheria ya 2010 inamkinga mwathiriwa dhidi ya mashtaka ya makosa yaliyotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Hata kama alipokea chipsi, nauli na simu, hana deni analodaiwa na mtu yeyote.