Tao la matofali

Tao la matofali ni kinga ya udongo usioyeyuka kwa joto, inayojengwa ndani ya tanuri la injini ya treni ya mvuke, chini ya mabomba yanayopitisha gesi za moto kwenye boila. Charles Markham wa reli ya Midland, Uingereza, alilikamilisha kwa majaribio ya 1856 hadi 1860. Tao huzilazimisha gesi kuzunguka njia ndefu na kuchanganyika na hewa ya mlangoni, moshi ukaungua kabla ya kuponyoka. Hivyo makaa ya mawe ghafi, yenye moshi mwingi, yakachukua nafasi ya koki, fueli yenye moshi kidogo lakini iliyokuwa ghali. Hayo yalikuwa mapinduzi makubwa.

Udhaifu wake ni nyufa: tanuri hupata joto na kupoa kila mara. Wamarekani waliyaegemeza matofali juu ya mabomba ya maji, yaliyosaidia pia mzunguko wa maji ya boila. Siku hizi, kwenye reli za kihistoria, mafundi wengi humimina zege linalohimili moto.