Katalizeri: kisanduku kinachokatwa chini ya magari ya zamani kilitoka wapi?

Gari la zamani linaingia garaji, iwe Goma, Bukavu ama Bunia. Halina tena nguvu ya kupanda mlima, linakula esansi nyingi, na usiku sehemu moja ya bomba la moshi inaonekana nyekundu kwa joto. Makanika anajilaza chini yake, anakata kisanduku cha chuma kilicho kwenye bomba hilo, anaunga bomba tupu mahali pake. Gari linapanda tena. Mwenye gari analipa na kushukuru.

Kisanduku hicho ni katalizeri. Wengi wanakiona kama kizibo tu. Lakini kina historia ndefu, na historia hiyo ndiyo inaeleza kwa nini tabia ya kukikata ilizoeleka Afrika.

Tarehe 26 Julai 1943, wakati wa Vita vya pili vya dunia, mji wa Los Angeles, Marekani, ulifunikwa na moshi mzito uliochoma macho na koo. Kuna wakaaji waliodhani Wajapani wamerusha gesi ya sumu. Miaka michache baadaye mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba adui alikuwa barabarani: moshi wa magari ukipigwa na jua ndio uliotengeneza ukungu ule.

Mfaransa Eugène Houdry, mhandisi aliyehamia Marekani mwaka 1930 na kujulikana kwa njia yake ya kusafisha mafuta, alishughulika na jambo hilo katika miaka ya 1950. Alitengeneza chombo cha kusafisha moshi kabla haujatoka nje. Kilifanya kazi, lakini si kwenye magari ya watu. Kizuizi kilikuwa risasi. Si ile ya bunduki, ila madini yenyewe, ambayo tangu miaka ya 1920 yalikuwa yanachanganywa katika esansi ili injini isigonge. Risasi ilikuwa inaganda ndani ya chombo na kukiua. Houdry alifariki mwaka 1962 bila kuona magari yakikivaa.

Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi, na kuanzia magari ya mwaka 1975 karibu kila gari jipya la huko liliuzwa na katalizeri. Esansi isiyo na risasi ililazimika kuletwa kwenye vituo. Katika nchi za Jumuiya ya Ulaya magari mapya ya esansi yalifuata mwaka 1993.

Ndani ya kisanduku hakuna kinachozunguka. Kuna kauri yenye matundu madogo kama sega la nyuki, iliyopakwa platini, paladi na rodi. Kikipata joto, kinageuza kaboni monoksidi, gesi inayoua mtu aliyeacha injini ikinguruma katika nyumba iliyofungwa, kuwa gesi isiyo na sumu kali. Esansi isiyoungua nayo inamalizikia humo.

Sasa, magari hayo yalipozeeka yaliuzwa Afrika. Yalikuta nini? Esansi yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi wa Juni 2001 kuiacha, na zilifikia hapo mwanzoni mwa 2006. Kabla ya hapo, katalizeri iliyofika na gari iliharibika mapema, na makanika aliyeikata hakukosea sana: ilikuwa imekwisha kufa. Fundi alimfundisha kijana wake hivyo, kijana naye akafundisha wengine. Risasi iliondoka, msumeno ukabaki.

Tena kuna sababu mpya: pesa. Rodi ilipanda bei hadi karibu dola 30.000 kwa aunsi moja mwezi wa Machi 2021, na wizi wa katalizeri ukaenea Marekani na Ulaya. Mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi waliochunguza magari yanayopelekwa Afrika walikuta mengine yamekwisha kung'olewa chombo hicho kabla ya kupanda meli. Sisi wa Congo habari ya madini yanayotoka na faida kubaki kwingine hatuhitaji kufundishwa.

Anayelipa zaidi ni yule ambaye hana gari. Familia zilizohama na kuishi Kanyaruchinya, kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru, zilipika, zililala na kuuza ndizi karibu na magari. Moshi mweusi wa malori ya mazutu unaonekana, mama anamfunika mtoto pua. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki.

Kwa mwenye gari, jambo moja makanika wengi hawalisemi: katalizeri ikiziba, mara nyingi imezibwa na injini. Bujia iliyochoka inaacha esansi mbichi ipite na kuungulia ndani ya kisanduku, ndipo bomba linakuwa jekundu. Pete za pistoni zilizolika zinapitisha oili. Ukikata kisanduku, ugonjwa unabaki kwenye injini na esansi inaendelea kuliwa. Bujia ziangaliwe kwanza, na oili ipimwe kama inapungua. Na ikiwa chombo kimetolewa, mwenye gari aulize kimewekwa wapi, maana hata kikiwa kimekufa kina mnunuzi.